Upepo wa Laela na Mtambo Unaozunguka Kwanza Karatasini

(Maneno ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma wa Laela, Wilaya ya Sumbawanga.)



Kila mwaka kipupwe kinapoingia juu ya uwanda wa Ufipa, mahindi yakiwa yamekauka mashambani yakingoja kuvunwa, upepo wa kusini-mashariki hushika zamu yake. Mkazi wa Laela hana haja ya kufundishwa habari zake. Anaujua kwa mabati yanayogongana, kwa vumbi la barabarani na kwa koti analolivaa mwezi wa Juni wakati ndugu yake wa Dar es Salaam anatembea na shati jepesi. Kwa hiyo si ajabu swali lile lile likizuka tena na tena maofisini na katika vyumba vya walimu: upepo wote huu unapita bure, kwa nini usifungwe mtambo ukatoa umeme?

Swali hilo ni la haki. Jibu linalotolewa kwa kawaida ndilo lenye kasoro. Watu huenda moja kwa moja kwenye kijitabu cha mwuzaji, ambamo mtambo umepigwa picha nzuri na chini yake pameandikwa idadi ya kilowati. Bei inagawanywa kwa kilowati hizo, na hesabu yote inaishia hapo. Idadi ile si ya uongo. Lakini ni idadi ya mahali pengine, ya upepo mwingine, na mara nyingi hata ya hewa nyingine. Mtambo wa upepo, kabla haujazunguka juu ya mlingoti, hauna budi uzunguke kwanza karatasini; na karatasi hiyo haina budi isomwe na kukaguliwa na watu wa mahali utakaposimamishwa.

Wahandisi huiita kazi hiyo kutengeneza kielelezo. Si sanamu ya mbao, wala si mchoro wa kupendeza macho. Ni mkusanyiko wa hesabu zinazoeleza jinsi upepo unavyogeuka kuwa mzunguko, mzunguko unavyogeuka kuwa umeme, na umeme unavyofika kwenye waya ukiwa katika hali ya kutumika. Mwalimu wa jiografia anapochora Ziwa Rukwa ubaoni hadai kwamba ubao umelowa maji. Anachodai ni kwamba umbali ulio kwenye ramani unalingana na umbali ulio kwenye nchi. Kielelezo cha mtambo ni ramani ya namna hiyo, ila chenyewe huonyesha mwendo badala ya mahali.

Hesabu ya kwanza ni ya upepo wenyewe. Nguvu iliyomo katika upepo hupatikana kwa kuchukua nusu ya uzito wa mita moja ya ujazo ya hewa, kuuzidisha kwa eneo linalofagiwa na mapanga ya mtambo, kisha kuzidisha kwa kasi ya upepo mara tatu, yaani kasi kwa kasi kwa kasi. Hapo kwenye mara tatu ndipo penye utajiri, na ndipo penye mtego. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nane. Ukipungua kwa nusu, hubaki sehemu moja tu katika nane.

Zichukuliwe siku mbili. Siku ya kwanza upepo umevuma kwa mita 6 kwa sekunde tangu asubuhi hadi asubuhi. Siku ya pili umevuma mita 3 kwa nusu ya siku na mita 9 kwa nusu iliyobaki. Wastani wa siku zote mbili ni ule ule, mita 6. Lakini 6 mara tatu kwa yenyewe ni 216. Na 27 ikijumlishwa na 729, kisha jumla ikagawanywa kwa mbili, ni 378. Siku ya pili ina nguvu iliyozidi ile ya kwanza kwa asilimia 75, ingawa mwandishi wa wastani angeziandika kwa tarakimu moja. Mwalimu wa hisabati anaweza kuwapa wanafunzi hesabu hii ubaoni kwa dakika kumi, na hao wanafunzi wakawa wamekwisha kujua jambo ambalo limewapita wanunuzi wengi wa mitambo: kwamba wastani wa upepo peke yake hautoshi kununulia kitu.

Nguvu hiyo yote haiwezi kuchukuliwa. Mjerumani Albert Betz alionyesha mwaka 1920 kwamba hata mtambo usio na dosari hauwezi kutoa katika upepo zaidi ya sehemu 16 katika 27, yaani asilimia 59 hivi. Kwani upepo ukinyang'anywa mwendo wake wote utasimama nyuma ya mapanga, na upepo mwingine utakosa pa kupita. Mitambo mizuri hupata asilimia 40 na kitu. Mwuzaji anayeahidi asilimia 70 hahitaji kujibiwa kwa maneno mengi.

Sasa suala la hewa. Vijitabu vingi hukadiria kwamba mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.225, ambao ni uzito wa hewa usawa wa bahari katika joto la nyuzi 15. Uwanda wa Ufipa haupo usawa wa bahari. Sehemu zake nyingi ziko baina ya mita 1,500 na 2,000 juu yake, na milima ya Mbizi inapita hapo. Kwenye mwinuko wa mita 1,800, joto likiwa nyuzi 20, mita ile ile ya ujazo ina uzito wa kilo 0.97 hivi. Hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja katika tano. Kwa hiyo mtambo uliopimwa pwani ya Ulaya, ukipandishwa Ufipa na kukutana na upepo wa kasi ile ile, utatoa pungufu ya karibu sehemu moja katika tano. Hapana aliyedanganya na hapana kilichoharibika. Ni kwamba karatasi iliandikwa kwa ajili ya nchi nyingine.

Uchukuliwe mtambo wenye mapanga ya urefu wa mita 5 kutoka kwenye kitovu mpaka kwenye ncha, unaofaa shule ya bweni au kituo cha afya, na unaonasa asilimia 40 ya nguvu ya upepo. Katika upepo wa mita 6 kwa sekunde, hesabu ya kijitabu itasema kilowati 4.15. Hesabu ya Ufipa itasema kilowati 3.3. Upepo ukishuka hadi mita 3, zitabaki wati 400 na kidogo. Ukipanda hadi mita 9, zitakuwa kilowati 11. Hivyo ndivyo umeme wa upepo ulivyo, na mtu asiyestahimili kuona tarakimu zake zikipanda na kushuka namna hiyo afadhali atafute chanzo kingine.

Hapo ndipo linapoingia suala la kasi inayobadilika. Mapanga ya mtambo hufanya kazi vizuri pale tu ncha zao zinapokwenda kwa uwiano fulani na kasi ya upepo. Kwa mtambo wa mapanga matatu, uwiano huo ni saba hivi: ncha iende mara saba ya upepo. Yakienda polepole kupita kiasi, upepo hupenya katikati yao bila kufanya kazi. Yakienda mbio kupita kiasi, hugeuka kama ukuta na kujisumbua yenyewe. Kwa mtambo ule wa mita 5, upepo wa mita 6 unataka mizunguko 80 kwa dakika. Upepo wa mita 3 unataka 40, na wa mita 9 unataka 120.

Mitambo mingi ya zamani ilifungwa moja kwa moja kwenye gridi, na gridi ikailazimisha kuzunguka kwa kasi moja wakati wote. Mtambo wa namna hiyo, ukishikiliwa kwenye mizunguko 80, hufanya kazi yake sawasawa upepo unapokuwa wa mita 6 tu. Upepo wa mita 3 unapovuma, ncha zake zinakwenda mara 14 ya upepo na hazipati kitu cha maana. Upepo wa mita 9 unapokuja na utajiri wake, ncha zinakwenda mara nne na nusu hivi, na sehemu ya utajiri huo inapita. Ni sawa na mtu anayepanda baiskeli yenye gia moja kutoka bonde la Rukwa hadi Ufipa na kurudi: atafika, lakini magoti yatamweleza. Mtambo wa kasi inayobadilika hufuata upepo. Upepo ukipungua unapunguza, ukiongezeka unaongeza, na ule uwiano wa saba unalindwa muda wote.

Lakini jenereta inayobadilisha kasi hutoa umeme unaobadilika. Aliyewahi kuendesha baiskeli usiku kwa taa ya dainamo anaijua habari hii bila kitabu. Anapopanda kilima polepole, taa inafifia na kupepesa. Anapoteremka, inawaka mpaka inatishia kuungua. Ile dainamo ndogo inayosuguana na tairi ni jenereta ya sumaku ya kudumu. Hakuna waya unaoipelekea umeme ili iwe sumaku, hakuna brashi za kaboni za kubadilisha, hakuna betri ya kuiamsha. Kipande cha sumaku kinazunguka karibu na nyaya na umeme unapatikana. Ukiondoa ukubwa, jenereta iliyo juu ya mtambo wa kisasa wa aina hii haina tofauti kubwa na hiyo.

Sifa yake kubwa ni kwamba inaweza kutengenezwa yenye sumaku nyingi kuizunguka, hata ikatoa umeme wa kutosha kwa mwendo mdogo wa mapanga. Basi sanduku la gia, ambalo katika mitambo mingine hupokea mizunguko michache kwa dakika na kuifanya kuwa elfu moja na zaidi, linaondolewa. Sanduku hilo ni zito, linataka mafuta, na likiharibika linataka winchi kubwa na fundi wa kutoka mbali. Mahali palipo kilomita 95 kutoka Sumbawanga, na mbali zaidi ya hapo kutoka kwenye karakana yenye winchi ya namna hiyo, kukosekana kwa sanduku la gia si jambo dogo.

Kwa jenereta yenye jozi 20 za sumaku, mizunguko 80 kwa dakika hutoa umeme wa hezi 26 na kitu. Mizunguko 40 hutoa hezi 13. Mizunguko 120 hutoa hezi 40. Mashine za nchini zinataka hezi 50, si zaidi wala si pungufu. Kwa hiyo umeme huo hugeuzwa kwanza kuwa umeme mnyoofu kama wa betri, kisha kigeuzi cha pili huufanya upya kuwa wa hezi 50. Vigeuzi hivyo ndivyo vinavyouwezesha mtambo kuzunguka apendavyo upepo, na gridi ikapata ipendavyo yenyewe. Pia ndivyo vinavyoharibika kwa urahisi zaidi, kwa radi, joto na vumbi, na haviwezi kutengenezwa kwa nyundo na waya.

Kielelezo kamili hukusanya mambo yote haya na kuyaunganisha. Mapanga yana uzito, na kitu kizito hakianzi kwenda mara moja wala hakisimami mara moja. Tofauti kati ya nguvu ya upepo inayosukuma na nguvu ya jenereta inayozuia ndiyo huamua kama mzunguko utaongezeka au utapungua. Kwa upande wa jenereta, wahandisi hutumia njia iliyoelezwa na Mmarekani Robert Park mwaka 1929, ambayo werevu wake ni kubadilisha mahali pa kusimama. Mtu aliye kando ya barabara huona gurudumu likizunguka. Siafu aliyeshika ukingo wa gurudumu huona ukingo huo umetulia. Park aliuhesabia umeme unaopanda na kushuka akiwa, kwa fikra, amepanda juu ya sumaku inayozunguka, na toka hapo tarakimu zilizokuwa zikiyumba zikaonekana kama zimesimama. Hesabu ikawa nyepesi, na mpaka leo ndiyo inayotumika.

Kompyuta ya kawaida ya ofisini inaweza kuzifanya hesabu hizi, kipande kidogo sana cha sekunde baada ya kingine. Ndipo huulizwa maswali ambayo ni hatari kuyauliza kwa mtambo wenyewe. La kwanza ambalo mtumishi wa umma anayekagua zabuni hana budi aliulize ni hili: usiku, upepo ukiwa mkali, waya ukikatika, kitu gani kinauzuia mtambo? Maana mzigo wa umeme ndio uliokuwa ukiishikilia jenereta. Mzigo ukitoweka, mapanga yanabaki na upepo tu, nayo yanakimbia. Sumaku ya kudumu, kama jina lake lilivyo, haizimwi kwa swichi. Maadamu mapanga yanazunguka, volti zipo na zinapanda pamoja na mzunguko. Mtambo mdogo hauna budi uwe na mkia unaougeuza kando ya upepo, au mzigo wa akiba wa kumeza umeme huo, au breki, na ikiwezekana zaidi ya kimoja. Kielelezo kitaonyesha ni sekunde ngapi zipo kabla ya madhara. Mwuzaji asiyeweza kuonyesha mchoro huo hajui mtambo wake.

Joto nalo huingizwa katika hesabu. Sumaku za neodimiamu, zilizobuniwa Japani na Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, hupungukiwa na asilimia 1 hivi ya nguvu kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Zikipata joto kubwa huku umeme mkali ukizipinga, hupoteza nguvu ambayo hairudi zinapopoa.

Na ipo habari ya waya. Kwa miaka mingi mji wa Sumbawanga umepata umeme unaonunuliwa Zambia, na anayekaa mwisho wa waya mrefu anajua jinsi taa zinavyolegea mashine ya kusaga inapowashwa. Waya dhaifu ukiungwa mtambo wa upepo unaopanda na kushuka, volti za jirani hupanda na kushuka nazo, isipokuwa vigeuzi viwe vimepangwa kuzituliza. Mwaka 2024 ukame uliikumba Zambia hata ikatangazwa kuwa janga la taifa, na mabwawa yake yakashindwa kutoa umeme wa kutosha. Ndipo watu wanaponunua kutoka huko wanapopata sababu ya kutazama juu na kuuliza kuhusu upepo. Waliangalie na upande wa pili. Ule mradi wa njia kuu ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, ambao Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wake mwaka 2018, una lengo la kuiunga Rukwa na gridi ya taifa, yenye bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Gridi yenye nguvu hubadilisha kielelezo chote. Mtambo uliokuwa na faida kubwa kwenye waya dhaifu huenda ukawa na faida ndogo kwenye waya imara, au kinyume chake. Bila kuhesabu, hapana ajuaye.

Afrika Mashariki imekwisha kuwa na mifano ya kutosha, ya kuigwa na ya kuonya. Kwenye Ziwa Turkana nchini Kenya imesimama mitambo 365 yenye jumla ya megawati 310. Ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini njia ya kusafirisha umeme wake ilimalizika mwaka 2018 tu, na Kenya ikalazimika kulipia umeme ambao haukuweza kuchukuliwa. Mitambo hiyo ni ya kasi inayobadilika, ila ina masanduku ya gia na jenereta za aina nyingine. Tanzania yenyewe ilipata mradi wake wa kwanza wa kuuza umeme wa upepo Mufindi mwaka 2020, mitambo mitatu yenye megawati 2.4, ikishirikiana na mtambo mdogo wa maji wa Mwenga: maji yanapopungua kiangazi, upepo unashika nafasi. Ushirikiano huo unastahili kutazamwa na watu wa Ufipa kuliko ukubwa wa Turkana. Singida ilitangaziwa mitambo mingi zaidi, na zaidi ya muongo mmoja ulipita katika matangazo.

Mfano ulio karibu zaidi na Laela, kwa hewa ingawa si kwa njia, uko Ethiopia. Karibu na mji wa Adama, kwenye mwinuko wa mita 1,700 na zaidi, ilifunguliwa mwaka 2012 mitambo 34 ya megawati 1.5 kila mmoja, isiyo na sanduku la gia na yenye jenereta za sumaku ya kudumu. Iliyoitengeneza ni kampuni ya Goldwind ya China. Walimu wana haki ya kujua mitambo hiyo imetoka wapi, maana asili yake ni shuleni. Katika miaka ya 1990, kundi la watafiti la chuo cha ufundi katika mji wa Saarbrücken, Ujerumani, lilifanya hesabu za mtambo usio na gia, na mwaka 1997 likausimamisha wa kilowati 600. Ikazaliwa kampuni ndogo, Vensys. Wachina wa Goldwind walinunua kwanza leseni ya kutengeneza mitambo hiyo. Wakajifunza hesabu, wakaitengeneza kwa maelfu, na mwaka 2008 wakanunua asilimia 70 ya kampuni ile ile iliyowafundisha. Walioanza kama wanunuzi wa karatasi wakawa wenye karatasi.

Kuna kitu kingine katika mitambo hiyo kinachoigusa nchi hii zaidi ya inavyojulikana. Mtambo mkubwa usio na gia hutaka nusu tani ya sumaku au zaidi kwa kila megawati, na karibu theluthi ya sumaku hizo ni neodimiamu na ndugu yake praseodimiamu. Madini hayo yako Ngualla, Mkoa wa Songwe, huo huo ambao barabara ya Laela inauelekea kwenda Tunduma. Mwezi wa Aprili 2023 Serikali ilitia saini mkataba na kampuni ya Peak Rare Earths ya Australia, ikapata asilimia 16 katika kampuni ya pamoja ya Mamba Minerals. Sehemu kubwa kabisa ya sumaku za aina hii duniani, kama tisa katika kumi, hutengenezwa China. Kati ya jiwe la Ngualla na sumaku iliyo tayari kuna hatua nyingi za kutenganisha, kuyeyusha, kusaga na kukandamiza. Na thamani iko katika hatua hizo kuliko katika jiwe. Mwanafunzi wa Rukwa anayesoma kemia asome pia hatua hizo, hata kama kiwanda chenyewe hakijafika.

Kusema kwamba watu wa uwanda huu hawakuzoea hesabu za hewa na madini ni kusema jambo lisilo kweli. Mababu wa Wafipa walijenga malungu, tanuri za udongo zilizopita kimo cha mtu, zenye matundu chini ya kupitishia mirija ya hewa. Moto ulipowaka, joto lenyewe liliivuta hewa ndani bila mtu kupuliza mivukuto, na jiwe likatoa chuma. Kisha chuma hicho kikasafishwa katika tanuri ndogo ya pili, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Wataalamu wa mambo ya kale, akiwamo Bertram Mapunda aliyekuwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wamezichunguza tanuri hizo kwa kina. Aliyejua kimo cha tanuri, idadi ya mirija na kiasi cha mkaa alikuwa na kielelezo chake, ila alikiweka kichwani. Ujuzi huo ulikwisha kutumika katika sehemu ya kwanza ya karne ya 20, majembe ya dukani yalipojaa, na mengi yakapotea pamoja na vichwa vilivyoyahifadhi.

Ikubalike waziwazi kwamba kielelezo kinaweza kusema hapana. Kwa mahitaji madogo ya taa na simu, paneli za jua zimekuwa rahisi mno, na shule nyingi zitaona kwamba upepo hauwezi kushindana nazo mchana. Lakini jua huzama na upepo huweza kuvuma usiku, na mahali fulani mchanganyiko wa viwili hivyo ukapunguza betri. Huenda mlima mmoja wa Ufipa ukafaa na kijiji kilicho bondeni kisifae kabisa, ijapokuwa vyote viwili viko ndani ya kata moja. Afisa anayepata jibu la hapana kwa gharama ya kupima ameiokolea halmashauri fedha za mtambo mzima.

Upimaji huo hautaki maajabu. Vituo vya hali ya hewa hupima upepo kwenye kimo cha mita 10. Mapanga ya mtambo wa kijiji yatakuwa kwenye mita 30 au zaidi. Katika uwanda ulio wazi, upepo wa mita 30 huzidi ule wa mita 10 kwa asilimia 17 hivi kwa makadirio ya kawaida, na kwa ile kanuni ya mara tatu nguvu huzidi kwa asilimia 60. Makadirio hayo yanavurugwa na miti, majengo na vilima, ndiyo maana mlingoti wa kupimia usimamishwe kwenye kimo chenyewe, ukiwa na vikombe vya kuhesabu upepo, bendera ya kuonyesha upande, na vipimo vya joto na mgandamizo wa hewa. Ukiandika kila dakika 10, mwaka mzima hutoa mistari 52,560. Miezi ya Juni hadi Agosti isichukuliwe peke yake ikafanywa mwaka, kwa kuwa upepo wa Novemba hadi Aprili, wakati wa mvua, ni mwingine. Mistari hiyo itunzwe mahali pawili, shuleni na katika ofisi ya mipango ya halmashauri, ili uhamisho wa mwalimu mmoja usiifute. Mwaka huo wa kwanza hautatoa umeme hata wa taa moja, na fedha zake hazina budi ziombwe hivyo hivyo, chini ya kifungu cha upimaji na si cha ujenzi.